Somo: Kanuni za mashindano ya programu ya kanda kwa njia ya mtandao, hatua kwa hatua

Msimu wa ICPC, mashindano ya kimataifa ya kuandika programu kwa wanafunzi wa vyuo, ukikaribia, wanafunzi huuliza wajifunze algorithimu (mbinu za kutatua swali hatua kwa hatua) zipi. Wachache sana huuliza penati, yaani dakika zinazotumika kutenganisha timu zilizolingana, inahesabiwaje, na timu zenye uwezo sawa huachana hapo hapo. Somo hili linafuata mtindo wa ICPC, kwa kuwa mashindano mengi ya kanda ya wanafunzi wa vyuo yanauiga: watu watatu, kompyuta moja, saa tano. Waandaaji wa kanda yako wakiwa na sharti tofauti, fuata la kwao.

Hatua ya 1: Usajili. Timu huingizwa kwenye tovuti ya icpc.global chini ya kocha wa chuo. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho. Aliyekwisha kucheza fainali za dunia mara mbili hana nafasi tena.

Hatua ya 2: Jaribio la mfumo. Kabla ya siku yenyewe huwa kuna shindano la majaribio, na wengi huingia, hutatua swali moja, wakaondoka. Hilo ni kupoteza nafasi. Tuma jibu sahihi, kisha tuma lenye kosa kwa makusudi, kisha lile linalozunguka bila kikomo, uone mfumo unajibuje. Angalia toleo la kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wako uweze kuendeshwa na kompyuta. Jaribu na kamera, kwa sababu mashindano ya mtandaoni mara nyingi hudai chumba kionekane na skrini irekodiwe muda wote.

Hatua ya 3: Chumbani. Simu zizimwe, laptopu za ziada zitoke. Saa ikianza, kocha naye ni mtu wa nje. Hata neno moja la ushauri kutoka kwake linaweza kuwatoa mashindanoni. Karatasi za rejea zilizochapishwa kwa kawaida huruhusiwa, na fainali za dunia zina kikomo cha kurasa 25.

Hatua ya 4: Kusoma maswali. Herufi A, B, C hazifuati ugumu. Gawaneni: mmoja aanze mwanzo, mwingine katikati, wa tatu mwisho. Kabla ya kushangilia wazo lolote, tazama ukubwa wa data. Kadirio la kawaida ni hatua nyepesi milioni 100 hivi kwa sekunde. Kama n, yaani idadi ya data, inafika 100,000, kitanzi ndani ya kitanzi (kurudia kazi n mara, na kila mara kurudia tena n) ni hatua bilioni 10, na hapo usiguse kibodi. Jumla ikizidi 2,147,483,647, namba ya biti 32 (aina ya kawaida ya "int") haitoshi.

Hatua ya 5: Kutuma. Programu isome kutoka ingizo la kawaida (stdin) na kuandika kwenye tokeo la kawaida (stdout). Usichapishe "Ingiza namba:" wala salamu yoyote. Jaji ni mashine, inalinganisha ulichoandika na jibu lake. Itakujibu kwamba umekubaliwa, jibu si sahihi, muda umezidi, programu imeanguka, au haikukompailika. Haikwambii umekosea kwenye data ipi.

Hatua ya 6: Penati. Hapa tulia. Nafasi hupangwa kwanza kwa idadi ya maswali yaliyotatuliwa. Zikilingana, hujumlishwa dakika: kila swali lililokubaliwa huleta dakika zilizopita tangu shindano lianze, na dakika 20 kwa kila jibu lililokataliwa kabla yake. Swali ambalo hamkulitatua haliongezi kitu, hata mkilikosea mara tano.

Tuseme timu ya kwanza imetatua manne katika dakika ya 15, 48, 110 na 205, ikikosea mara moja kwenye la pili na mara mbili kwenye la nne. Jumla ni 378 na 60, yaani 438. Timu ya pili imetatua manne katika dakika ya 30, 70, 130 na 190 bila kukosea: 420. Ya pili iko juu, ingawa kwa maswali matatu ya mwanzo ilikuwa nyuma.

Kuna jambo jingine linalofichwa na hesabu hiyo: saa haianzi pale unapolifungua swali, inaanza na shindano. Swali la dakika 10 likitangulia la dakika 60, mtalipa 10 na 70, jumla 80. Mkigeuza mpangilio mtalipa 60 na 70, yaani 130, kwa kazi ile ile. Jepesi litangulie.

Na dakika za mwisho, tumeni. Swali moja la ziada linaishinda penati yoyote, na likikataliwa hamjapoteza kitu.

Hatua ya 7: Saa ya mwisho ubao wa matokeo hugandishwa. Mtaona majibu yenu, si ya wengine. Msicheze kwa kuutazama.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Tukikaa kila mtu na laptopu yake si tutakuwa na kasi zaidi?
Jibu: Ni kosa, labda kanuni za mwaka huo ziruhusu. Wakati wa Uviko-19 baadhi ya kanda ziliruhusu. Vinginevyo mmoja anaandika, wawili wanakagua msimbo kwenye karatasi.

Swali: Intaneti ikikatika katikati je?
Jibu: Saa haisimami, na dakika inayohesabiwa ni ile mfumo ulipopokea jibu lako. Endeleeni kuandika bila mtandao. Kama mnataka simu iwe akiba ya intaneti, ombeni ruhusa mapema, maana ikionekana kwenye kamera bila idhini ni kesi.

Swali: Nikichukua msimbo wa rafiki nikabadilisha majina ya vigeu (variables), watajuaje?
Jibu: Ndugu yangu, zana za kunasa msimbo ulionakiliwa, kama MOSS ya Stanford, hulinganisha muundo wa programu, majina haiyajali. ChatGPT na wenzake pia waache nje ya mlango.

Swali: Mimi ni mtu wa lugha ya programu ya Python tu. Nitaweza?
Jibu: Maswali mepesi, ndiyo. Kwenye fainali za dunia majaji huhakikisha kila swali linatatulika kwa Java na C++ ndani ya muda. Kwa Python hawatoi dhamana hiyo. Basi mwenzako mmoja awe wa C++, na mkiona "muda umezidi" wakati algorithimu ni sahihi, mpe kiti aiandike upya.