Kupanga ngoma na besi za 2-step

2-step ni tawi la UK garage, muziki wa dansi wa Uingereza, ambalo halipigi kiki kwenye kila pigo. Katika programu yako ya kutengeneza muziki, weka kasi ya mapigo 132 kwa dakika. UK garage iliyotikisa klabu za London mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ikicheza kati ya 130 na 135. Gawa kipimo cha mapigo manne katika vijumba 16.

1. Kiki, ngoma kubwa ya sauti nzito. Muziki wa haus hupiga kiki kwenye 1, 5, 9 na 13. Hapa baki na ya 1, kisha ongeza moja tu kwenye 11. Tumia kiki fupi, isiyozidi milisekunde 150. Yenye mkia mrefu inakula nafasi ya besi.

2. Sneya, ngoma ya sauti kali. Kijumba cha 5 na cha 13, nguvu 110 kati ya 127. Kwenye 8, 10 na 16 weka rimu ndogo (mapigo ya ukingo wa ngoma) zenye nguvu 30 hadi 45. Punguza sauti ya spika: kama rimu bado zinasikika wazi, umezizidisha.

3. Haihati na swingi. Haihati ni matoazi mawili yanayogongana. Ya wazi ikae 3, 7, 11 na 15. Ya kufungwa 4, 6, 12 na 14. Sasa pandisha swingi hadi asilimia 58. Swingi huchelewesha vijumba vya namba shufwa peke yake. Kwa kasi hii kila kijumba kina takriban milisekunde 114, na 58 inavisogeza vya shufwa mbele kwa 18 hivi. Ndiyo maana wengi huzungusha kitufe wasisikie kitu: kiki na sneya zao zote ziko kwenye witiri, haziguswi kabisa. Mwendo wa UK garage unabebwa na vile vidogo vidogo. Usipite 62; ukikaribia 66 mdundo unageuka wa utatu na ule mvutano unapotea. Ukitumia lupu (kipande cha mdundo kinachojirudia) iliyorekodiwa tayari na swingi yake, izime ya programu kwenye lupu hiyo, la sivyo itacheleweshwa mara mbili.

4. Besi. Chukua wimbi la sine, lile laini lisilo na pembe, liweke litoe noti moja kwa wakati, na mserereko (kuteleza kutoka noti hadi noti) wa milisekunde 70. Andika G (hezi 49) kwenye 4, fupi. Bb kwenye 8 ipandane kidogo na C ya 9 ili iserereke, na zote ziishe kabla ya kiki ya 11. F kwenye 14, G kwenye 16. Pigo la kwanza liachie kiki.

Ipe besi swingi ileile 58. Ikibaki imenyooka, noti ya 4 itaitangulia haihati na mdundo wote utasikika umelegea, hata kama kila sauti ni nzuri.

Ukitaka besi ya kinanda, ile ya sintesaiza ya Korg M1, ongeza wimbi la pili oktavu moja juu, sauti ife ndani ya milisekunde 250. Besi nzito inayopinda ya speed garage, tawi jingine la UK garage lenye damu ya jungle (muziki wa dansi wa Uingereza wenye ngoma za kasi), ni mawimbi mawili ya meno ya msumeno yaliyotofautiana senti 12 (senti 100 ni nusu toni), yakipita kwenye filta inayokata sauti za juu.

5. Usafi. Hezi 49 haisikiki kwenye simu. Chakaza besi kidogo kwa kifaa cha distortion ili hezi 98 na 147 zijitokeze. Chini ya hezi 120 kila kitu kiwe mono (sauti ileile kushoto na kulia), na vyombo vingine vyote, isipokuwa kiki, uvikate chini ya hezi 100.