SOMO: Kusoma rangi za ovalapu kwenye ripoti ya droni, hasa mashamba ya mteremko

Wakuu habari za Moshi. Inbox yangu imejaa swali moja tu, "mbona ramani yangu ina nyekundu", basi naandika hapa mara moja, someni mpaka mwisho ndo muulize.

1. Kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwanza.

2. Ovalapu, yaani picha kupandana, weka mbele (picha na inayofuata) asilimia 75 hadi 80, pembeni (mstari wa kuruka na wa jirani) asilimia 65 hadi 70. Kwenye migomba na miti panda mpaka 85 mbele.

3. Rusha, chakata picha, fungua ripoti.

4. Tafuta mchoro wa rangi. Kwenye Pix4D (softwea ya kuchakata picha) kijani maana yake hapo pameonekana kwenye picha zaidi ya 5, njano na nyekundu ni chache. Nyekundu ya ukingoni ni kawaida, ndo maana unarusha mistari miwili nje ya mpaka wa shamba. Nyekundu katikati ndo tatizo.

5. Mteremko, na hapa naomba utulivu maana kazi nyingi za Kibosho na Machame zinafia hapa. Droni ikiambiwa mita 100 inahesabu kutoka ulipopaisha, sio kutoka ardhini. Umepaisha chini kabisa, shamba linapanda mita 40, kule juu umebaki na mita 60 tu, picha inashika eneo dogo wakati nafasi kati ya picha ni ileile, kwa hiyo 75 yako ya mbele inakuwa kama 58 na 65 ya pembeni inashuka mpaka 42 hivi, na app haikwambii kitu, inaendelea kukuonyesha 75. ANGALIA: urefu wa miti nao unautoa kwenye hizo 60, na droni inaweza kuigonga.

6. Kijani peke yake haitoshi. Majani ya mgomba yakichezeshwa na upepo softwea haioanishi pointi, kwa hiyo angalia pia picha ngapi zimekubaliwa na ngapi zimetupwa.

MASWALI

– Mkuu nimeweka 80 bado nyekundu katikati, shamba lipo Marangu, shida nini?
– Namba 5.
– Ndefu sana mkuu, nipe kwa kifupi
– Hicho ndo kifupi. Soma.

– Asante kwa somo. Je nikipaisha kutoka juu ya shamba, si inakuwa kinyume?
– Swali zuri sana ndugu yangu. Ndiyo, shamba likishuka mita 40 kule chini una mita 140, ile 75 inapanda hadi 82, rangi itakuwa kijani kitupu. Ila picha za chini zinapoteza undani, pikseli inakuwa kubwa mara 1.4, na angalia usizidi kimo ulichoruhusiwa. Bora ugawe shamba vipande kwa mwinuko, kila kipande upaishe upya, au uwashe kufuata ardhi, yaani droni ipande na kushuka na mwinuko. Ukitumia data ya SRTM (data ya mwinuko wa ardhi) kumbuka kila kipimo kinabeba eneo la mita 30 kwa 30 hivi, mti mmoja mmoja haiuoni, acha nafasi ya kutosha juu.

– Kwa nini nisiweke 90 kila kitu nimalize?
– Betri zako ngapi? Kutoka 70 kwenda 80 pembeni tu, mistari inakuwa mara moja na nusu. Weka, ila ujiandae.

– Mi nipo Njiro, betri zikiwa za moto nachaji hapohapo?
– Hapana mkuu, ziache zipoe kivulini kwanza, na usiziache kwenye gari juani.