Kubandua stempu ya zamani na kuisoma

Ukipewa bahasha za zamani, usikimbilie maji.

Hatua ya 1. Tazama muhuri wa posta. Ukisomeka mji na tarehe, acha bahasha ilivyo, hasa muhuri ukiwa wa posta ndogo ya wilayani. Kuanzia 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu moja yenye majina yote matatu, kwa hiyo stempu yenyewe haikwambii barua ilitoka Kampala au Tabora. Muhuri ndio unaosema.

Hatua ya 2. Muhuri ukiwa umefifia, kata karatasi kuizunguka stempu bila kugusa meno yake (vijino vya ukingoni). Bahasha za rangi ziloweke peke yake, zinachuja.

Hatua ya 3. Loweka kwenye sahani ya maji ya kawaida, dakika 15 hadi 20. Usivute, itaachia yenyewe. Suuza gundi, inyanyue kwa kibano chenye ncha bapa (cha nyusi kinatoboa), ilaze kifudifudi kwenye karatasi inayofyonza maji, kisha ikandamize kwa kitabu kizito. Stempu nyingi za siku hizi, zile za kujibandika, hazitoki kwa maji. Ziache na kipande cha bahasha.

Hatua ya 4. Soma jina na fedha. Kichwa cha mfalme au malkia bila jina la nchi ni Uingereza, desturi iliyoanza na stempu yao ya kwanza mwaka 1840. Meli yenye maandishi Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Wajerumani) ni ya enzi ya Mjerumani: thamani ikiwa kwa Pesa, jina la sarafu ya wakati huo, ilitolewa kabla ya 1905, ikiwa kwa heller, sarafu iliyoifuata, ni kuanzia hapo. Twiga wa Tanganyika alikuja 1922, chini ya Mwingereza.

Hatua ya 5. Tafuta maandishi yaliyoongezwa juu ya picha. Hapa Zanzibar ina utamu wake. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, stempu za enzi ya sultani ziligongwa kwa mkono JAMHURI 1964. Maandishi ya kugongwa kwa mkono hukaa upande, wino huzidi hapa na kupungua pale. Zilizofuata, za mashine, zimenyooka. Shida ni kwamba muhuri wa mpira yeyote anaweza kuchonga. Ukiuziwa moja kwa bei kubwa, dai iliyo juu ya bahasha, na wino wa muhuri wa posta uwe umepita juu ya neno JAMHURI, si chini yake.