Muhuri, dira na mawe ya Dartmoor: siku ya kusaka visanduku kwa Mswahili aliye Uingereza

Sisi tuliokulia na S.L.P. tunalijua sanduku la barua kuwa ni kijimlango cha chuma pale posta, chenye kufuli, na ufunguo anao baba au mwalimu mkuu. Katika nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, sanduku la barua ni kopo lililofichwa chini ya jiwe. Halina kufuli. Ndani yake mna daftari na muhuri wa mpira. Ukilipata, unagonga muhuri ule katika daftari lako, kisha unagonga wako katika daftari la sanduku, unaandika tarehe, unarudisha kila kitu kilivyokuwa na kuendelea na safari. Wenyeji wanauita mchezo huu letaboksingi. Nauandikia mwongozo kwa sababu katika miaka yangu huku, hakuna kitu kilichonitoa chumbani Jumapili na kunikutanisha na watu kama huu.

Asili yake ni mwaka 1854. James Perrott wa Chagford, aliyekuwa akiongoza wageni nyikani, aliweka chupa Cranmere Pool, mahali pa mbali sana upande wa kaskazini, ili waliofika huko waache kadi zao za majina. Baadaye watu wakawa wanaacha barua zilizobandikwa stempu. Atakayefuata kufika anazichukua na kuzitia posta akirudi mjini. Jina likatoka hapo. Mwaka 1938 likawekwa sanduku jingine Ducks Pool, upande wa kusini, kwa kumkumbuka William Crossing, mwandishi aliyeijua nyika hii kuliko wengi. Leo visanduku vimetapakaa kote, na hifadhi ya taifa ya Dartmoor ina kilomita za mraba 954.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Mara ya kwanza kuviona vilele vya Dartmoor, ambavyo huitwa tor, moyo ulinishtuka. Ni mawe ya graniti yaliyobebana, moja juu ya jingine, kama yale tuliyokuwa tukipanda utotoni juu ya Ziwa. Nilikaa chini ya jiwe moja nikanywa chai yangu yote kabla sijakumbuka kilichonipeleka.

Anza na muhuri wako. Kwetu muhuri ni wa ofisi: barua ya mwenyekiti wa mtaa bila muhuri haipokelewi popote. Huku muhuri ni wa kwako mwenyewe, na ndio utakaokutambulisha kabla hujaonekana sura. Unaweza kuagiza wa kutengenezwa dukani, lakini nakushauri uchonge kwa mkono. Nunua raba kubwa nyeupe ya kufutia na kisu kidogo cha kuchongea, vyote vinapatikana maduka ya vifaa vya sanaa. Chora picha kwa penseli laini kwenye karatasi, ilaze kifudifudi juu ya raba, sugua kwa ukucha mpaka mchoro uhamie. Kisha ondoa sehemu zote zisizotakiwa kushika wino. Mchoro ukihamia hivyo unakuwa umegeuka, na ukigonga unarudi sawa, kwa hiyo hata maandishi yatasomeka. Chagua kitu cha kwenu. Mimi nilichonga sato. Rafiki yangu wa Mombasa ana jahazi, na mwingine, Mrundi, ana ngoma.

Vifaa vingine ni daftari lenye karatasi nzito zisizovujisha wino, pedi ya wino, kalamu, dira, na ramani ya Ordnance Survey namba OL28, inayoonyesha Dartmoor nzima. Usitegemee simu peke yake. Mtandao hukatika mabondeni, na baridi humaliza chaji upesi. Vidokezo vya kufika kwenye sanduku huandikwa kwa dira na hatua, mfano: “Kona ya ukuta nyuzi 212, kilele cha tor nyuzi 95, kisha hatua 14 hadi jiwe lenye ufa, tazama chini yake.” Maana yake usimame mahali ambapo vitu hivyo viwili vinaonekana kwa nyuzi hizo hasa, ndipo uanze kuhesabu. Kajizoeze kwanza kwenye bustani ya mtaani kwako, upime nguzo na miti, mpaka mkono uizoee dira. Dira hiyohiyo itakusaidia kupata kibla: rafiki yangu wa Mombasa huswali adhuhuri nyuma ya jiwe linalokinga upepo, nasi tunamngoja.

Sasa usalama, na hapa naomba usinisome harakaharaka. Sehemu ya kaskazini ina viwanja vya kulengea shabaha vya jeshi: Okehampton, Merrivale na Willsworthy. Ukiona bendera nyekundu imepandishwa, usivuke, hata kama sanduku liko mita mia mbele yako. Ratiba ya kufyatua risasi hutangazwa mapema, iangalie kabla ya kupanga safari. Siku ambazo hakuna mazoezi unaruhusiwa kupita, lakini kipande chochote cha chuma usichokijua usikiguse. Cranmere Pool yenyewe imo ndani ya kiwanja cha Okehampton, na njia yake ni ndefu na ya matope, kwa hiyo isiwe safari yako ya kwanza.

Ukungu wa huko hushuka ghafla. Unaona kilima, unainama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka hukioni. Ndiyo maana mgeni asiende peke yake. Vaa buti zisizopitisha maji na koti la mvua la kweli, uache suruali ya jinzi nyumbani, maana ikilowa inakugandisha miguu. Kijani kinachong’aa kuliko nyasi za jirani ni kinamasi, kizunguke. Beba filimbi: ishara ya dharura ni kupuliza mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika, unarudia. Simu ikishika, piga 999, uombe polisi, kisha uwaambie unahitaji waokoaji wa milimani. Jioni kagua miguu na makwapa kutafuta kupe. Mng’oe kwa kibano karibu na ngozi, na ukiona duara jekundu linapanuka siku zinazofuata, nenda kwa daktari.

Jambo jingine linalowaponza wageni wa kwetu ni jua. Tumezoea lizame saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Mwishoni mwa Oktoba, saa zikisharudishwa nyuma, saa kumi na moja jioni giza linaanza kuingia. Panga kurudi barabarani saa tisa.

Kubadilishwa kwa saa kunanileta kwenye mikutano. Wasakaji wa Dartmoor hukutana mara mbili kwa mwaka, Jumapili ambazo saa hubadilishwa, yaani ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Meza zinajaa mihuri, watu wanabadilishana vidokezo, na wengine wanauza karatasi za vidokezo ambazo fedha zake huenda kwa shughuli za hisani. Kwa anayeanza, hizo ndizo za kununua, kwa sababu vidokezo vingi huzunguka kati ya wenye uzoefu. Ukishapata visanduku 100 vya Dartmoor unaweza kujiunga na Klabu ya Mia.

Nilipoingia mkutano wangu wa kwanza nilisimama karibu na mlango. Katika ukumbi ule sikuona mwingine mwenye rangi yangu, na watu waligeuka kunitazama. Nitasema kweli, nilifikiria kuondoka. Mama mmoja mzee akaniuliza kama nina muhuri. Nikagonga sato wangu kwenye daftari lake. Akautazama, akafungua kurasa za nyuma, akaniita nione: alikuwa amemkuta samaki yuleyule miezi mitatu nyuma katika daftari la sanduku moja, na ameandika pembeni, “Ni nani huyu?” Akanishika mkono tukazunguka meza zote, akiwaambia watu, mwenye samaki ndiye huyu.

Kwa hiyo usikae mlangoni. Fungua daftari lako, uulize, “Naomba muhuri wako,” na mazungumzo yataanza yenyewe. Wataongea juu ya hali ya hewa na njia, na wengi hutumia jina la kwanza tu au jina la muhuri. Zile salamu zetu za kuuliza watoto, kazi na nyumbani ziache mpaka mzoeane, maana huku huonekana ni udadisi. Mbwa watakuwepo wengi. Kama humtaki karibu, sema mapema kwa upole, na mwenyewe atamshika. Ukipeleka mandazi, taja kilichomo, hasa karanga, kwani wapo ambao zinawadhuru. Usitangaze mahali pa sanduku kwa sauti wala kulipiga picha na kuliweka mtandaoni. Na usifiche la kwako kwenye ukuta, kaburi la kale au mistari ya mawe ya wazee, wala usichimbe. Hayo yanakatazwa, na yanawaudhi watu kuliko kosa lolote jingine.

Kwa mlioko Marekani, mchezo huu ulienea huko baada ya jarida la Smithsonian kuuandikia makala mwaka 1998. Kule mihuri mingi huchongwa kwa mkono, na visanduku viko hata kwenye bustani za mijini. Ukiwa unapekua mizizi ya mti na mtu akasimama kukutazama, mwonyeshe daftari na muhuri, umweleze unachofanya.

Kufika Dartmoor bila gari kunawezekana. Treni ya Exeter hadi Okehampton ilirudishwa Novemba 2021, na kutoka stesheni unaweza kuingia nyikani kwa miguu. Mabasi ya ndani ya hifadhi ni machache Jumapili, kwa hiyo ujue la mwisho linaondoka saa ngapi, au uombe lifti kwa wenzako mkutanoni. Watakupa. Na kwa mkutano wa Machi, weka kengele usiku uliotangulia: saa husogezwa mbele, na asiyejua hufika watu wakikunja meza.