Ukiugua melini: jinsi ya kuomba kupelekwa kwa daktari wa bandarini

Homa ikikushika baharini usijikaze kisabuni. Wengi wetu huficha tukihofia kushushwa. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014 na Tanzania 2019, unamtwika mwenye meli gharama za matibabu, na mshahara wako unaendelea kamili mpaka urudishwe kwenu. Kinachoweza kukuponza ni ugonjwa uliouficha makusudi siku unaajiriwa. Huo mwenye meli anaweza kuukana.

Anza kwa ofisa anayeshika dawa, mara nyingi ofisa wa pili. Mtajie bandari ulizopitia na tarehe zake. Homa ya wiki ya pili baada ya kutoka Lagos ihesabu kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Kikohozi kikipita wiki mbili, au makohozi yakiwa na damu, omba ulale kabini peke yako. Hilo ni la kuwalinda wenzako.

Kisha andika. Mstari mmoja unatosha: “Tarehe 4, saa 2 usiku, joto 39.2, natetemeka, nimemweleza ofisa wa pili, naomba daktari.” Mpe nakala, nyingine ipige picha. Neno la mdomo hupotea zamu ikibadilishwa.

Mkiwa mbali na nchi kavu, nahodha aombe ushauri wa daktari kwa redio au setilaiti. Huduma hiyo ipo usiku na mchana, bila malipo. Kituo cha Roma kinaifanya tangu 1935.

Kabla ya kuingia bandarini, nahodha huwaarifu maofisa wa afya kama kuna wagonjwa. Meli ikicheleweshwa nangani wenzako watakununia. Waache wanune.

Ukipelekwa kwa daktari, beba pasi, kitabu cha baharia, kadi ya chanjo na dawa unazotumia. Kuna fomu ya taarifa ya matibabu: sehemu moja hujazwa melini, nyingine na daktari. Ni ya siri, si ya kubandikwa mesini, chumba cha kulia. Usiondoke bila nakala inayosema una nini, umepewa dawa gani, na kama unafaa kurudi kazini.

Ukikataliwa, lalamika kwa maandishi, hata moja kwa moja kwa nahodha. Asipojali, waone wakaguzi wa meli: Mombasa ni KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya; Dar es Salaam ni TASAC, shirika la serikali ya Tanzania linalosimamia meli. Tangu Desemba 2024 mkataba unazitaka nchi zenye bandari zihakikishe baharia anayehitaji matibabu ya haraka anashushwa bila kuchelewa. Taja kifungu hicho mbele ya wakala wa meli, kwa upole, na karatasi yako mkononi.