Jinsi ya kuzoeza mwili baridi kwa mafuta ya kahawia

Mwili una mafuta ya aina mbili. Meupe huweka akiba ya nishati. Ya kahawia huichoma yatoe joto. Rangi yake hutokana na chuma kilichomo kwenye mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati vya seli, ambazo zimejaa tele katika kila seli. Mtu mzima anayo kidogo tu: shingoni, juu ya mitulinga, kandokando ya uti wa mgongo na karibu na figo.

Ngozi ikihisi baridi, ubongo huamuru neva zimwage noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, kwenye seli hizo. Matone ya mafuta huvunjwa kuwa asidi za mafuta, nazo huamsha protini iitwayo UCP1. Kwa kawaida protoni, chembe ndogo zenye chaji, hurudi ndani ya mitokondria kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. UCP1 huzipitisha mlango wa uani: ATP haitengenezwi, nishati inatoka kama joto.

Kuyakuza, vaa nguo nyepesi ukae chumbani kwenye nyuzijoto 17 za Selsiasi, muda wa saa mbili kila siku, kwa wiki 6. Kipimo hiki kimejaribiwa kwa watu, na kazi ya mafuta hayo iliongezeka. Anza na nyuzi 19, kisha shusha nyuzi moja kila baada ya siku mbili tatu. Kipimajoto kiwe usawa wa kifua, mbali na dirisha.

Wengi huharibu kwa pupa. Ukianza kutetemeka, misuli imeshaingia kazini, na kupanda kwa joto lako si kwa mafuta peke yake. Ongeza nyuzi moja au mbili, au vaa fulana nyingine. Kiwango cha kutetemeka hutofautiana. Mnene huchelewa kukifikia, kwa hiyo usiige namba ya mwenzako. Wala usifanye mazoezi ndani ya saa hizo, maana joto la misuli hufuta ile amri ya ubongo. Dawa za presha za kundi la beta-bloka nazo hupunguza mwitikio, ila usiziache kwa ajili ya hili.

Usitarajie kupungua uzito. Tishu yenyewe ni ndogo.

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha, au vidole vinavyogeuka vyeupe kwa baridi amwone daktari kwanza, kwani baridi hubana mishipa na kupandisha presha. Watoto wachanga wasijaribiwe kabisa: mafuta haya wanayo mengi, lakini hupoteza joto upesi. Ulimi ukiwa mzito au mikono ikikosa ustadi, acha mara moja, jifunike, upashe mwili joto. Ukiacha zoezi hili, wiki kadhaa za joto huyarudisha mafuta hayo kwenye kiwango cha awali.