Jina Buchanan limetoka wapi? Namna ya kufuatilia jina la Kigaeli ambalo ni la ukoo na pia ni la mahali

Watu wengi wakianza kutafuta asili ya jina la Kigaeli, ile lugha ya zamani ya Uskoti na Ayalandi, wanafanya kitu kimoja tu, wanaliandika kwenye gugo, inatokea tovuti ina nembo ya simba na sentensi mbili za historia, wananunua ile nembo wanatundika ukutani, wamemaliza. Sasa hapo hujajua kitu. Tutachukua Buchanan kama mfano maana hili jina limezunguka dunia kweli kweli, ila njia ni ileile kwa Murray, Ross, Sutherland na mengine ya aina hiyo.

Cha kwanza, jua jina ni la baba au la ardhi. Majina mengi ya Kigaeli yanaanza na Mac, mtoto wa fulani, au Ó, mjukuu au kizazi cha fulani, yaani ni bin tu, na wanawake kwa Kigaeli chenyewe wana vyao, Nic kule Uskoti na Ní au Nic kule Ayalandi. Na ile stori kwamba Mc ni Ayalandi na Mac ni Uskoti ipuuze, Mc ni ufupisho wa karani, mtu huyohuyo unaweza kumkuta kaandikwa hivi leo na vile kesho. Buchanan haina Mac wala Ó, hiyo dalili ya kwanza. Ya pili iko kwenye hati za zamani za Kilatini, ukiona "de" mbele ya jina ujue karani anamaanisha mtu wa kutoka huko, kwa hiyo ardhi ilikuwa na jina kabla watu hawajalibeba.

Halafu ipate hiyo ardhi kwenye ramani. Buchanan iko Uskoti, mashariki mwa ziwa Loch Lomond, Stirlingshire, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ni maneno mawili ya Kigaeli, both ambayo ni nyumba ndogo au kibanda, na canon wa kanisa, basi nyumba ya yule padri. Mwaka 1225 bwana mkubwa wa Lennox alimpa mtu anaitwa Absalon kakisiwa ka Clairinch humo ziwani, na jina la hako kakisiwa ndo likaja kuwa kelele ya vita ya ukoo mzima. Ramani zenyewe ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti, kuanzia zile za Timothy Pont za mwisho wa karne ya 16 mpaka za vipimo vya karne ya 19, na hizi za karne ya 19 zina madaftari yake ambayo wapimaji waliandika kila jina linavyoandikwa na nani kawathibitishia. Hayo madaftari mi nayapenda kuliko ramani zenyewe. Kwa majina ya Ayalandi nenda Logainm, tovuti ya majina ya mahali ya huko.

Sasa kazi yenyewe, rekodi. Anza na wewe urudi nyuma, usianze na mfalme ukashuka, utalazimisha tu. Uskoti ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo kiserikali mwaka 1855, na tovuti ya serikali inaitwa ScotlandsPeople, kutafuta kwenye faharasa ni bure ila kuona picha ya hati ndo unalipia. Ukiwa na hela ya hati moja tu nunua ya kifo. Cheti cha kifo cha Uskoti kina jina la baba wa marehemu na la mama tena na ukoo aliozaliwa nao mama, kwa hiyo bibi aliyefariki 1856 akiwa na miaka 80 anakupa wazazi waliokuwa hai miaka ya 1770, umeruka karibu karne kwa karatasi moja! Ni sahihi kama aliyetoa taarifa alikuwa anajua lakini, ndo maana angalia nani kasaini, mtoto wake au jirani tu. Kuna sensa pia kila miaka kumi kuanzia 1841, na kabla ya 1855 ni vitabu vya parokia, ambavyo vina mapengo.

Ayalandi ni ngumu zaidi, jengo la kumbukumbu Dublin liliungua Juni 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na vitu vingi sana vikapotea, ila sensa za 1901 na 1911 zipo nzima na ni bure, halafu kuna Griffith's Valuation ya 1847 mpaka 1864, orodha ya nani alikuwa anashika ardhi au nyumba gani.

Usikomae na spelingi moja. Tafuta Buchannan, Bohannon, Bohannan. Na wengine wa ukoo huohuo hawakuitwa Buchanan kabisa, MacAuslan na Yuill wanahesabiwa humo.

Kuenea kwake sasa, hapa ndo watu wanajichanganya. Karne ya 17 Waskoti wengi walipelekwa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, kwenye mpango wa mfalme wa kuwapa walowezi ardhi, wakakaa vizazi kadhaa, halafu wakavuka tena kwenda Marekani. Baba yake rais wa Marekani James Buchanan alitoka Donegal, hukohuko Ulster, mwaka 1783, kwa hiyo kumwita Muayalandi au Mskoti yote yana ukweli wake. Njia ya pili ni tumbaku. Buchanan Street ya Glasgow ina jina la Andrew Buchanan, tajiri wa tumbaku ya Virginia, na tumbaku ile ililimwa na watumwa. Ukikuta Buchanan mweusi Jamaika au Marekani usikimbilie kumuunganisha na Loch Lomond kwa damu, jina linaweza kuwa lilitoka kwa mwenye shamba, na hapo rekodi za kutafuta ni za shamba. Chuo cha University College London, UCL, wana hifadhidata ya bure ya Waingereza waliomiliki watumwa, ina waliolipwa fidia baada ya sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa, na waliolipwa ni wamiliki.

Halafu kuna Buchanan ya Liberia, mji wa bandari kule Grand Bassa, umepewa jina la gavana Thomas Buchanan, binamu wa yule rais, aliyefariki 1841. Jina lilitoka kwenye ardhi likaenda kwa mtu likarudi kwenye ardhi nyingine kabisa, hakuna Kigaeli kilichozungumzwa pale.

Kuhusu ile nembo ya simba, kisheria Uskoti nembo ni ya mtu mmoja, siyo ya kila mwenye jina, na kuna mahakama yake Edinburgh inaitwa Lord Lyon. Wanaouza hawakwambii.

Karatasi zikigoma kabisa ndo uende kwenye DNA, na kwa jina la ukoo unataka kipimo cha Y kinachofuata baba kwa mtoto wa kiume tu. Mwanamke itabidi amuombe kaka, baba au baba mdogo atoe mate yake, na gharama unalipa wewe uliyeomba.